Njia ya Misafara na Mipaka ya Muungano

Tabora si mji mgeni kwetu sisi watu wa Visiwani. Ulikuwa kituo kikubwa cha njia iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Unguja walijenga huko, wakimtambua liwali wa Sultani kuwa ndiye mkubwa wao. Zama hizo makao makuu yalikuwa kwetu, na Unyanyembe ndiyo iliyokuwa mbali. Twalitaja hili kwa makusudi, maana leo ni Zanzibar inayouliza mamlaka ya makao makuu yaishie wapi.

Swali hilo liliwahi kuulizwa Tabora. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe aliwatoza kodi wafanyabiashara wale, kwa kuwa nchi ilikuwa yake na bidhaa zilipita kwake. Wao hawakukaa naye barazani. Mwaka 1860 walimfukuza, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele akaingia porini, akawa anasumbua misafara mpaka alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo naye akaifunga njia. Ushindi wa silaha uliwagharimu washindi miaka ya biashara.

Waasisi wa Muungano hawakutaka mambo yaende hivyo. Hati za Muungano za mwaka 1964 ziliagiza Bunge la Katiba, lenye wajumbe wa Tanganyika na Zanzibar, likutane katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka 1965 sheria iliuahirisha mkutano huo. Ulipofanyika mwaka 1977, wajumbe wake walikuwa Wabunge wale wale. Wakati huo mambo ya Muungano, yaliyoanza 11, yalikuwa yakiongezwa: fedha mwaka 1965, mafuta mwaka 1968. Orodha ikafika 22.

Mwaka 2013 Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza serikali tatu na mambo 7 tu. Bunge Maalumu lilipokutana Dodoma mwaka 2014, kundi la wapinzani lilitoka, na waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili. Kura ya maoni ya 30 Aprili 2015 iliahirishwa.

Sisi tuliolelewa na Chama tungali waumini wa serikali mbili. Lakini mfanyabiashara wa Unguja, aliyelalamika miaka mingi kutozwa ushuru mara mbili, hakuwa akihesabu serikali. Alikuwa akihesabu fedha yake. Na orodha ile si msahafu. Sheria ya mwaka 2015 iliiachia Zanzibar kusimamia mafuta yake, nayo ikatunga sheria yake mwaka 2016, na Muungano haukuvunjika.

Tabora ina mfano mwingine, ulio bora. Januari 1958 TANU ilikutana huko kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi waliuchukia, na walikuwa na haki. Mwalimu Nyerere alipingwa kabla ya kukubaliwa. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akaenda kuunda chama chake. Hata hivyo jambo lilizungumzwa mbele ya waliolipinga.

Twawaomba viongozi wa pande zote mbili waipeleke orodha ya mambo 22 mbele ya wajumbe, jambo moja moja, kila upande ukihesabiwa kura zake peke yake, kama ilivyokuwa kanuni ya theluthi mbili mwaka 2014. Na mkutano huo ufanyike Tabora. Sisi wa Visiwani tutavuka bahari, kisha reli itatufikisha.