Karo ya Foreksi: Hasara ya Kwanza ya Mgeni wa Soko (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi dalali wa mtandaoni anavyopata riziki yake. Leo tumgeukie mwalimu wa foreksi, yaani biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni. Jijini Nairobi, kuanzia Umoja hadi Kayole, Donholm hadi Pipeline, tangazo lake halina haja ya kutafutwa: limebandikwa kwenye mlingoti wa stima, limetumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wapangaji, na linaahidi kwamba kwa Jumamosi chache mtu atajua kusoma chati na kuachana na vibarua. Hoja yangu ni kwamba kwa mgeni mwenye mtaji mdogo karo hiyo haifai kulipwa, na wala si lazima mwalimu awe tapeli. Hata akiwa mkweli, hesabu inakataa.

Tumchukue kijana aliyejiwekea shilingi 30,000. Akitoa karo ya 20,000, anabaki na 10,000 za kuingilia sokoni. Ili arudishe tu alichotoa, hizo 10,000 hazina budi kuzaa 20,000, yaani faida ya asilimia 200, kabla hajaonja senti iliyo yake. Hapo ndipo mkopo wa dalali unapomvutia. Kwa uwiano wa 1 kwa 100, elfu kumi zake zinabeba biashara ya milioni moja. Lakini bei ikimgeuka kwa nusu asilimia, mwendo ambao euro na dola huweza kuumaliza kwa siku moja, 5,000 zimekwenda. Karo iliyokusudiwa kumkinga inamsukuma kwenye hatari ileile ambayo mwalimu mwema angemkataza.

Na ujuzi wenyewe? Maana ya pipsi (vipimo vidogo vya mabadiliko ya bei), kusoma mishumaa ya chati, ya kijani na myekundu, kuweka kikomo cha hasara: yote yanapatikana bure mtandaoni, na akaunti ya majaribio haitozwi kitu. Kinachouzwa ni tumaini kwamba kuna siri zaidi ya hayo. Watafiti nchini Brazili waliwafuatilia watu walioanza kununua na kuuza mikataba ya faharasa ya hisa kila siku kati ya mwaka 2013 na 2015. Miongoni mwa waliovumilia zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipata hasara, na hapakuonekana dalili kwamba uzoefu uliwanoa. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, nayo ilieleza kuwa akaunti 74 hadi 89 katika kila 100 za wateja wadogo wa mikataba ya tofauti za bei (CFD), foreksi ikiwemo, zilikuwa zikipoteza fedha. Ikiwa siku 300 za kuchomwa na soko lenyewe hazifundishi, Jumamosi chache zitafundisha nini?

Atasema mtu: mbona anayejifunza uchomeleaji Kariobangi humlipa fundi, na hakuna anayelalamika? Ni kweli, na mfano huo ndio unaoniunga mkono. Geti la fundi linaonekana. Likipinda, mwenye nyumba atarudi nalo na mwanagenzi atashuhudia. Kazi ya mwalimu wa foreksi mara nyingi ni picha ya skrini ya simu. Kata ukingo wenye neno linaloonyesha kuwa ni akaunti ya majaribio, na dola 10,000 za mchezo zinageuka utajiri wa kuwatamanisha majirani.

Wengine hujitetea kwa leseni, kwani tangu 2017 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya ina kanuni za foreksi ya mtandaoni. Lakini leseni ya dalali haimpimi anayefundisha ukumbini. Wala darasa la bure si salama kwa kuwa ni bure. Madalali wengi humlipa kamisheni anayewaletea wateja, mara nyingi kwa kila biashara inayofunguliwa, mteja apate au akose. Mwalimu wa namna hiyo hunufaika mwanafunzi akibonyeza mara nyingi, ilhali mwanafunzi anaumizwa na kubonyeza kwingi.

Anayeshikilia kulipa na aombe kitu kimoja kabla ya kutuma pesa: taarifa kamili ya miezi 12 kutoka kwa dalali, ya akaunti halisi, inayoonyesha kilichowekwa na kilichotolewa. Tena isiwe ya mwalimu. Iwe ya wanafunzi wake wa mwaka jana.