Kwa nini 3-4-3 ya Amorim iligoma Man United

Ruben Amorim alitua Manchester United Novemba 2024 na 3-4-3 iliyompa ubingwa wa Ureno akiwa Sporting. Shida? Kikosi alichokikuta kilisajiliwa kwa mabeki wanne na mawinga. Kwake, pembeni panahitaji mtu wa kupanda na kushuka dakika 90, na watu hao hawakuwepo. Ndiyo maana Amad Diallo, winga kabisa, alijikuta anakaba, huku Diogo Dalot wa mguu wa kulia akipelekwa kushoto. Katikati viungo wawili tu, mara nyingi wanazidiwa idadi. Februari 2025 akaletwa Patrick Dorgu kutoka Lecce kuziba kushoto, lakini mmoja angefanya nini? Msimu uliisha United ikiwa ya 15, pointi 42.