Theluji inapoporomoka: angalia mlima kabla ya kuupita



Jioni ya tarehe 30 Agosti 1965, huko Mattmark nchini Uswisi, wafanyakazi walikuwa wanajenga ukuta mkubwa wa kuzuia maji ya kutoa umeme. Nyumba zao za kulala, karakana na kantini zilikuwa chini kabisa ya barafu la Allalin. Ncha ya barafu hilo ikakatika. Meta za ujazo zaidi ya milioni 2 zikaangukia kambi kwa muda usiofika dakika moja. Watu 88 walikufa, wengi wao Waitalia waliotoka kwao kutafuta mshahara. Mwaka 1972 korti iliwaachilia washtakiwa wote 17. Sisi tunaokaa karibu na vilima vya taka za mgodi tunauliza neno moja tu: nani alichagua mahali pa kujenga zile nyumba?

Utasema theluji ni mambo ya Ulaya. Lakini hata Kongo ina theluji yake, juu ya Ruwenzori, mlima wa meta 5.109, ijapokuwa barafu yake inazidi kupungua. Tena mchimbaji ataelewa maneno haya upesi kuliko karani.

Theluji haikai mlimani kama kitu kimoja. Kila inapoanguka, tabaka jipya hulala juu ya lile la zamani, kama mawe katika dari ya handaki. Mara nyingine katikati hubaki tabaka dhaifu, la chembe kama sukari zisizoshikana. Upepo huleta theluji nyingine juu yake na kuipiga mpaka iwe bamba gumu. Mtu akikanyaga bamba hilo, tabaka dhaifu huvunjika, ufa hukimbia, na bamba zima huteleza kwa mwendo wa gari. Kwa hiyo wengi wa wanaofukiwa katika safari za mlimani, wao wenyewe au wenzao ndio walioliangusha.

Hatari kubwa iko kwenye mteremko wa digrii 30 mpaka 45. Pasipofika hapo, theluji haitelezi kwa urahisi. Palipo pakali zaidi, huanguka kidogo kidogo wala haijikusanyi. Lakini jihadhari: mahali unapopita panaweza kuwa tambarare, na mteremko mbaya uko juu ya kichwa chako. Mattmark ilikuwa hivyo.

Mlima hutoa dalili. Theluji nyingi mpya pamoja na upepo. Joto linalopanda ghafula. Maporomoko mapya upande wa jirani. Nyufa zinazokimbia mbele ya miguu. Mshindo mzito chini yako, kama wa dari inayoshuka. Ukisikia huo, rudi kwa njia uliyojia. Dari ya handaki tunaigonga kwa chuma na kusikiliza kabla ya kuingia. Huko nako ni vivyo hivyo.

Katika milima ya Alps, tangazo la hatari hutolewa kila siku ya majira ya baridi, kwa namba 1 mpaka 5. Ajabu ni kwamba wengi hawafi siku ya namba 5. Siku hiyo watu hukaa nyumbani. Hufa zaidi siku ya namba 3, jua likiwaka na kila mtu akisema: jana tulipita salama. Kapita yeyote anajua sauti hiyo.

Wanaolazimika kuvuka mteremko huvuka mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama. Hawapumziki njiani, wala hawalali chini ya mkondo wa maporomoko. Kila mmoja huvaa kiredio kidogo kinachotoa ishara, hubeba fimbo ndefu ya kukunjua, na koleo. Vyote vitatu, kwa kila mtu.

Theluji ikisimama hukaza kama simenti, na aliyefukiwa hawezi kujitoa. Akifukuliwa katika dakika 10 za kwanza, mara nyingi yu hai. Baada ya nusu saa wanaopona ni wachache. Waokoaji kutoka kijijini huchelewa, basi wenzake huanza kutafuta palepale, mmoja akiita msaada. Fimbo ikimgusa, huachwa imesimama. Wachimbaji hushuka kidogo upande wa chini wa mteremko na kumwendea kwa ubavu, wasimkanyage wala kuziba hewa iliyobaki mbele ya kinywa chake.