Pesa Zikipungua Dukani, Anza na Hesabu Kabla ya Kelele

Ni saa kumi na moja jioni, siku ya soko Daraja Mbili, Kisii. Wauzaji wa ndizi wanafunga, na kila mtu anataka kuweka pesa kwa simu kabla apande matatu ya kwenda Keroka ama Nyamira. Foleni ya kibanda chako imefika barabarani. Unapiga hesabu: keshi imepungua shilingi 3,000.

Utamwambia nini kijana wako wa dukani?

Wengi wetu tungeanza hapo hapo, mbele ya wateja: "Wewe kila siku ni usingizi tu! Pesa zangu umepeleka wapi?" Kijana ananyamaza. Kesho yake unakumbuka kwamba wewe mwenyewe ulitoa hizo 3,000 kwa droo ukalipa deni la duka, na hukuandika popote. Pesa umezipata. Lakini wale wateja wameshaenda nyumbani wakijua kijana wako ni mwizi. Hao utawarudisha vipi?

Kumrekebisha mfanyakazi ni sehemu ya kazi ya mwenye duka. Jaribu hivi:

Soma rekodi kwanza. Ukiweka kamisheni kando, jumla ya floti na keshi inafaa kubaki ile mliyoanza nayo asubuhi. Mteja akiweka pesa, keshi inapanda na floti inashuka. Akitoa, inakuwa kinyume. Linganisha kitabu na jumbe za simu ya duka, moja baada ya nyingine. Jiulize pia wewe ulichukua nini.

Mwite kando, siku hiyo hiyo. Ngoja wateja waishe, lakini usingoje mwisho wa mwezi. Kosa la wiki tatu zilizopita nani atalikumbuka?

Taja kitendo, usimtaje mtu. "Wewe ni mzembe" haimfundishi chochote. Mwambie: "Saa nane ulimpa mteja 2,000 baada ya kuona ujumbe kwa simu yake. Kwa simu yetu haukuwa umeingia. Ilikuwaje?"

Halafu sikiliza. Pengine atakujibu: "Mama, foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa peke yangu." Sasa mna kitu cha kurekebisha: siku ya soko mnakuwa wawili, na keshi haitoki mpaka ujumbe uingie kwa simu ya duka. Kubalianeni jambo moja, kisha baada ya wiki uangalie kama limeshika.

Kazi nzuri pia itaje. Hesabu ikilingana siku ngumu, mwambie. Asizoee kusikia jina lake wakati wa makosa tu.

Na mshahara je? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kukata pesa zilizopungua kwa uzembe ama udanganyifu wa mfanyakazi, ikiwa mkataba wake umesema wazi kwamba amekabidhiwa pesa. Hata hivyo, makato yote kwa pamoja hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara. Na kabla ya kumfuta kazi kwa kosa, kifungu cha 41 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua ama mwakilishi wa chama, na usikilize upande wake. Kwa hivyo kama mnaelewana vizuri zaidi kwa Ekegusii, ongeeni Ekegusii.

Mwisho, mpe nafasi ya kukurekebisha wewe pia. Siku atakapokwambia, "Mama, ukitoa pesa kwa droo naomba tuandike," usikasirike. Hapo analinda pesa zako.

Leo jioni kabla ya kufunga, chora safu moja zaidi kwenye kitabu: "Zilizochukuliwa na mwenye duka." Anza kuijaza wewe.