Je, Wajua? Mkate wa kumimina hauna ngano

Mkate wa kumimina, kipenzi cha futari za Zanzibar na Mombasa, hupikwa kwa mchele. Mchele hulowekwa usiku kucha, kisha husagwa na tui zito, sukari, hamira na iliki mpaka ulainike kabisa. Hamira hula sukari na kutoa kabonidayoksaidi. Hewa hiyo ndiyo huuumua mkate na kuutoboa vile vitundu. Kwa kuwa mchele hauna gluteni ya kuizuia hewa, wapishi wengi huongeza ute wa yai. Rojo likishaumuka, lisikorogwe kwa nguvu, mkate usije ukadoda. Limimine kwenye sufuria ya moto iliyopakwa mafuta. Vitundu vikitokeza, funika na upalie makaa juu ya kifuniko.