Sema ni shujaa wetu, lakini mbona hakui?

Mpwa wangu ana miaka saba na tunaishi naye Manyatta, hapa Kisumu. Nikinunua bando tu, simu si yangu tena. Ni ya Sema.

Kama nyumbani kwenu hakuna mtoto, wacha nikujuze. Super Sema ni katuni ya kampuni ya Kukua iliyoanza kuonyeshwa YouTube Machi 8, 2021, Siku ya Kimataifa ya Wanawake. Sema ni msichana wa kijiji cha Dunia, kinachotawaliwa na Tobor, roboti asiye na huruma. Akishirikiana na pacha wake MB, Sema anatumia sayansi na ubunifu kumzima. Lupita Nyong'o ni mmoja wa watayarishaji wakuu, na sauti ya Mama Dunia ni yake. Kwetu hilo linanoga zaidi, kwa sababu babake, Profesa Anyang' Nyong'o, ni gavana wa Kisumu tangu 2017.

Kwa hivyo usinielewe vibaya, mimi ni shabiki sugu. Utotoni mwangu, mabinti wa katuni walikuwa na nywele za dhahabu na walingoja kuokolewa. Sema anaokoa wengine.

Shida yangu ni moja tu: Sema hakui. Kipindi ni cha dakika tano hivi. Tobor anazua balaa, Sema anawaza, kifaa kinaundwa, Tobor anashindwa, tunacheka. Kipindi kijacho kila mtu amerudi pale pale alipokuwa. MB naye ni kichwa kweli, lakini kuwa pacha wa shujaa kunamfanya ajisikie vipi? Hana hata siku moja ya wivu? Nimetazama vipindi vingi na bado nasubiri jibu.

Utaniambia, "Wewe nawe, hiyo si ni katuni ya watoto!" Hata mimi nilijiambia hivyo, hadi Jumapili moja tulipoenda ufuoni Dunga. Mpwa wangu alikuwa ameunda mashua kwa chupa za plastiki na kamba. Akaiweka majini, ikapinduka. Akairudisha, ikapinduka tena. Akaketi chini, machozi yakimlengalenga.

"Anti, mbona ya Sema hukubali?"

Nilikosa la kusema.

Usiku huo mamangu, ambaye watoto humwita dani, alimsimulia kisa cha Luanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mikuki ilidunda mwilini mwake kana kwamba imegonga jiwe. Maadui walimwoza binti yao. Siku moja akiwa mgonjwa, akamwambia mkewe achanje kivuli chake badala ya mwili. Damu ikatoka. Siri ikafika kwa maadui, na vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki. Shujaa akafa.

Mtoto hakulala. "Dani, kwa nini alimwambia? Alimpenda? Alikuwa ameshikwa na uoga?" Huyo ndiye mhusika. Anakosea, na kosa lake lina gharama.

Sisemi Sema auawe, jamani! Wala muda si kisingizio. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa 2010, ilikuwa na visa vya dakika kumi na moja hivi. Kila kisa kilieleza jinsi mnyama fulani alivyopata umbo au tabia yake, kwa hivyo aliyeanza kisa siye aliyekimaliza. Katika dakika tano, kifaa cha Sema kinaweza kuharibika na kubaki kimeharibika hadi kipindi kijacho. MB anaweza kununa. Watoto watasubiri, tena kwa hamu.

Jumamosi iliyofuata tulirudi Dunga. Safari hii tulijaza mchanga kwenye chupa za chini. Mashua ilienda hatua kadhaa bila kupinduka, kisha ikanaswa na magugu maji. Mpwa wangu akacheka hadi akakaa chini.

Sasa tunaunda ya tatu.