Ua refu la mwisho wa mvua: tuliachie nafasi kando ya uzio

Wakati wa kupalilia mkono wetu haubagui. Kila kilichoota bila kupandwa tunakiita magugu, tunang'oa na kutupa. Wiki hii tunaliombea msamaha ua moja: lile refu la rangi ya machungwa linaloota kando ya njia na katika mashamba yaliyolala. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi huliita igicumucumu. Wataalamu huliita Leonotis nepetifolia, na hilo Leonotis maana yake ni sikio la simba.

Ua hili ni mzaliwa wa Afrika. Shina lake lina pembe nne. Ukilishika utazisikia kwa vidole. Linampita mtu urefu, hata mita 2 na zaidi. Maua yake yanakaa kwenye mipira yenye miiba, mmoja juu ya mwingine, kama shanga kwenye uzi.

Kwa nini tulipande? Kwa sababu ya wakati wake. Mvua zikielekea kwisha, maharagi yamevunwa na maua mengi yamekauka. Nyuki wanahangaika. Hapo ndipo ua hili linapowapa chakula, wao na chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda.

Faida inarudi jikoni. Boga lina ua dume na ua jike. Nyuki asipopeleka unga wa dume kwa jike, kiboga kinanyauka kingali kidogo. Mara nyingi tunalaumu udongo, kumbe aliyekosekana ni nyuki. Ukimlisha wakati wa njaa, utamkuta karibu maboga yako yakichanua.

Namna ya kulipanda

Tafuta mipira iliyokauka, ikung'ute juu ya kitambaa, uokote mbegu. Panda mwezi wa 3, mvua zingalipo, mahali penye jua. Funika kwa udongo kidogo tu. Miche ikiota, punguza, uache nusu mita kati ya mmoja na mwingine. Iweke nyuma, kando ya uzio, isije ikafunika lengalenga kwa kivuli. Ikifika magotini, kata ncha ili itoe matawi. Haitaki mbolea ya kununua.

Mipira ikianza kukauka, kata yote isipokuwa miwili au mitatu ya mbegu. Usipofanya hivyo, mbegu zitaanguka, na mwaka ujao litajaa mpaka kwa jirani. Hapo litakuwa magugu kweli, na kosa ni letu.

Mambo mawili ya kuangalia

La kwanza ni miiba. Mipira mikavu inachoma. Ikate ukiwa umefunga mkono kwa kitambaa kizito, na usipande mahali watoto wanapochezea.

La pili ni kubwa zaidi. Wazee wetu wengi huchemsha majani yake kwa ajili ya homa. Tunawaheshimu wazee, lakini mtoto mwenye homa asingojee chungu kichemke. Malaria haijulikani kwa kumtazama mtoto usoni, inajulikana kwa kipimo cha damu, na kwa mtoto mdogo siku moja ya kuchelewa inaweza kuwa nyingi mno. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Mama mwenye mimba naye asinywe dawa hiyo kwa kusikia tu kwamba ilimsaidia mwingine. Ua tunalipandia nyuki, ndege na macho yetu, na hiyo inatosha.

Basi, kabla ya kushika jembe safari hii, tazama kando ya uzio. Ukiona shina la pembe nne, liache lisimame. Na mwenye mbegu alete kiganja kimoja kwenye mkutano wetu, tugawane.